Simu kwenye makumbusho madogo: tutengeneze apu, tubandike QR au tumwache mzee aongee tu?

mtoto_wa_osukuru – Jumanne, saa 3:12 usiku

Habari zenu wana jukwaa. Kuna jambo linanizungusha kichwa na najua humu kuna watu wa simu, wa kompyuta na hata waliowahi kushika kazi za makumbusho, naomba mnisaidie kabla kamati yetu haijakaa tena.

Nasaidia kwenye makumbusho madogo ya jamii huku mashariki ya Uganda, kati ya Tororo na Mbale. Msifikirie jumba, ni nyumba ya vyumba vitatu na kibanda cha nyasi nyuma. Ndani kuna vyungu vya ajon, yaani pombe ya wimbi, na mirija yake, akogo ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, mawe ya kusagia wimbi, ngoma, visu vya imbalu (tohara ya Wagisu), taa za reli za zamani na picha picha. Anayetembeza wageni ni mimi au mzee mmoja mwalimu mstaafu, na maelezo yetu ni yale yale, dakika 40 kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, awe nani awe nani.

Sasa shida ndio hapo. Wiki iliyopita siku moja asubuhi walikuja watoto wa P.5, darasa la tano la msingi, basi zima, mchana wakaja wazungu wawili na pikipiki, jioni dereva wa lori aliyekwama mpakani Malaba anasubiri makaratasi yake yapite, halafu mama mmoja wa kijiji cha jirani ambaye aliingia kumtafuta mwanae akaishia kusimama kwenye jiwe la kusagia karibu nusu saa. Wote nikawapa hotuba moja. Watoto walisinzia, wazungu walikuwa na maswali sikuyafikia, dereva hakuelewa vibao vyetu manake vyote ni Kiingereza tena kile cha ofisini, na yule mama ndiye aliyekuwa anajua kuliko mimi! Nilimweleza jiwe linavyotumika na yeye ananitazama kwa heshima tu, vile unavyomtazama mtoto anayekuelekeza njia ya kwenda kwako.

Basi kuna kampuni ilikuja na projekta. Wanasema mgeni ataingia na simu yake, apu itamjua, itajua amesimama mbele ya kitu gani, anapenda nini, imletee maelezo yake peke yake. Mwenyekiti macho yakamtoka. Bei milioni 18. Sisi hata paa la kibanda linavuja. Lakini lile wazo la kila mgeni apate cha kwake mimi nimelipenda kusema kweli, nikikumbuka yule mama. Je kuna njia ya kulifanya kwa hizi simu tulizonazo na hii pesa tusiyokuwa nayo?

---

fundi_kikuubo – Jumanne, saa 4:40 usiku

Banange usisaini kitu.

Natengeneza simu hapa Kikuubo, Kampala, miaka mingi, simu zinazopita mezani kwangu nusu kumbukumbu imejaa mpaka picha za harusi wanafuta. Mtu wa hivyo umwambie adaunlodi apu nzima ili aangalie chungu dakika ishirini halafu aende zake? Hadaunlodi. Na akidaunlodi anaifuta kabla hajafika stendi. Halafu kuna bando. Tulikatwa kodi ya mitandao shilingi 200 kwa siku kuanzia 2018, ikaondolewa 2021 ikaja ile kodi ya 12% juu ya data, kwa hiyo mteja wangu anahesabu MB kama muuza nyanya anavyohesabu mafungu. Na msije mkasema mtaweka kila kitu Facebook, ilifungwa Januari 2021 na sio kila mgeni ana VPN ya kuifungulia.

QR ndio rahisi. Watu wanaiona kama kitu cha hoteli kubwa lakini ilitengenezwa Japan mwaka 1994 na Denso Wave kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani, ni anwani tu imechorwa kwa vidoti. Mgeni anaelekeza kamera, unafunguka ukurasa mwepesi wa maandishi machache na sauti. Ukurasa huo hata kijana wa S.4 anayejua jua kompyuta anaweza kukutengenezea. Sauti ya mtu anayeongea ukiibana vizuri dakika moja ni kama nusu MB, hapo hakuna wa kulia.

Kama network kwenu ni ya kuwinda, nunueni kile kikompyuta kidogo Raspberry Pi, kina ukubwa wa kadi ya benki, kinarusha waifai yake chenyewe bila intaneti, kurasa na sauti zote zinakaa kwenye memori kadi. Kinakula umeme kidogo, pawabenki nzuri itakivusha saa kadhaa umeme ukienda. Ila nikwambie mapema taabu yake: Android ikiona waifai haina intaneti inalalamika, mara inajirudisha kwenye data ya mgeni, kwa hiyo pale mlangoni lazima mtu awaambie wageni wabonyeze kubaki. Mkisahau hilo mtasema kimeharibika na hakijaharibika.

Hiyo ya simu kujua umesimama wapi, GPS ndani ya nyumba inapotea, kwa hiyo watakuuzia vile vidude vya Bluetooth vya kubandika ukutani, kila kimoja na betri yake ya kubadilisha. Nyumba ya vyumba vitatu kaka! Nani amepotea humo?

---

mjukuu_wa_bombo – Jumatano, saa 1:25 asubuhi

Fundi amemaliza upande wa vyuma. Mimi nilisomea mambo ya makumbusho kidogo kabla maisha hayajanipeleka kwenye biashara ya matairi, acha niongee kuhusu mgeni mwenyewe.

Hotuba yako ya dakika 40 ina babu yake. Mwaka 1952 makumbusho ya Stedelijk kule Amsterdam waliwapa wageni vifaa vya kusikilizia, maelezo yakawa yanarushwa kwa redio ndani ya jengo. Kitu kipya kabisa wakati huo. Lakini kwa sababu ni matangazo, wote wanasikia sentensi moja kwa wakati mmoja, ukichelewa kwenye picha moja imekula kwako, wote wanasogea pamoja kama mbuzi wanaotoka zizini. Kila kilichofuata, kaseti, CD, simu, ilikuwa ni watu wanajaribu kutoka kwenye lile kundi.

Kingine kilichonikaa kichwani ni utafiti wa Ufaransa wa 1983, wa Verón na Levasseur. Walikaa wakatazama tu jinsi watu wanavyotembea ndani ya maonyesho, kisha wakawapa majina ya wadudu na wanyama. Kuna sisimizi, anafuata ukuta, kitu kwa kitu, anasoma kila kibao. Kuna samaki, anateleza katikati ya chumba anatupa jicho huku na huku halafu katoka. Kuna kipepeo, huyu anazunguka anavyotaka yeye, anarudi nyuma, anatua hapa, anaruka pale. Na panzi, ambaye anaruka vyote anaenda kwa kile kimoja chenye maana kwake. Yule mama yako wa jiwe la kusagia ni panzi kabisa. Dereva ni samaki, sio kwa kupenda, saa ndio inamfukuza. Na wewe uliwatembeza wote kisisimizi.

Wenye pesa wamefanya vituko vingi. MONA, kule Hobart kwenye kisiwa cha Tasmania, walifungua 2011 bila kibao hata kimoja ukutani, mgeni anapewa kifaa kinachojua yuko karibu na kazi gani, anabonyeza kama ameipenda au ameichukia, na baadaye anaweza kuletewa safari yake yote kwa email. Mimi napenda ile ya San Francisco zaidi. SFMOMA walikuwa na tatizo kwamba kwenye kuta zao inaonekana kama 5% tu ya vitu walivyonavyo, basi 2017 wakatoa namba ya meseji, unaandika nitumie bahari, au nitumie furaha, inarudi picha moja ya bahari kutoka stoo. Meseji tu! Hakuna apu. Na Brooklyn Museum mwaka 2015 walifanya apu lakini upande wa pili hawakuweka mashine, waliweka binadamu, mgeni anauliza kuhusu sanamu iliyo mbele yake na mfanyakazi anamjibu pale pale. Fikirieni hilo, ni mji wa New York, wana kila aina ya kompyuta, na bado waliona dawa ya mgeni mwenye swali ni mtu anayejua.

Hapa kwetu tulishakuwa na kitu cha namna hiyo kabla ya simu. Uganda Museum ya Kitante, enzi za Klaus Wachsmann akiwa msimamizi baada ya vita vya pili, ala za muziki hazikuachwa zinyamaze kwenye kioo. Waliajiri wapigaji. Evaristo Muyinda, mtu wa ngoma za ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, alikuwa pale anawapigia wageni amadinda, ile marimba ya mbao. Mgeni akiuliza, anajibiwa na mikono. Nyinyi akogo yenu nani anaipiga? Kama jibu ni hakuna, basi hiyo iwe rekodi ya kwanza kuweka nyuma ya QR kabla hata ya maneno.

Ushauri wangu: msitafute kumjua mgeni kwa kumfuatilia. Muulizeni. Ukurasa wa kwanza uwe na mambo mawili tu, una muda gani na umekuja na nani. Ukishajua hayo umeshajua karibu yote ambayo ile mashine ya milioni 18 ingekaa inakisia.

---

mzee_katorchi – Jumatano, saa 3:02 asubuhi

Naandikia simu ya mjukuu, yangu ni katorchi ile ya tochi na redio, inakaa na chaji wiki. Mtanisamehe makosa.

Nimetembeza wageni miaka mingi kabla magoti hayajakataa. Mnasema simu imjue mgeni. Mimi nilikuwa namjua kabla hajanisalimia. Akiingia anaangalia dari huyo anapenda nyumba, namwanzia kwa waliojenga. Akigusa kitu kabla hajauliza huyo amekitumia kwao, nanyamaza, namwambia nieleze wewe. Akitaja jina lake tu najua ni chumba gani cha kuanzia. Na akikaa kwenye benchi amechoka, namletea kigoda kingine nakaa naye, hakuna ziara hapo ni mazungumzo. Mwalimu huyo mstaafu wa kwenu nina hakika anafanya hivyo hivyo, wewe kijana ndio unakariri.

Swali langu ni hili. Hao watoto wa P.5 basi zima, wana simu? Shule gani hiyo inaruhusu? Hawana. Na nyinyi wenyewe mnajua makumbusho ya nchi hii yanaishi kwa mabasi ya shule. Kwa hiyo tangu jana mnajadili wazungu wawili wa pikipiki.

Kwa watoto fanya hivi. Mwalimu akipanga kuja, mpigie simu. Hiyo nayo ni teknolojia, ina batani ya kijani. Muulize ni darasa gani na wamefika wapi. P.4 wanasoma wilaya yao, P.5 wanasoma Uganda, P.6 Afrika Mashariki, P.7 Afrika. Jiwe lile lile la kusagia kwa P.4 ni bibi zao wa hapa kijijini, kwa P.6 ni wimbi ilipita wapi na kina nani wengine wanasaga hivyo. Ziara imeshabadilika na hujatumia hata shilingi, ila eyataimu ya kupiga.

---

fundi_kikuubo – Jumatano, saa 3:10 asubuhi

Mzee umetufunga bao la mbali 😂 hilo la watoto sikulifikiria kabisa na mimi nina wawili bodingi.

---

turniboy_malaba – Jumatano, saa 8:47 mchana

Mimi sio yule dereva lakini ni mimi pia, mnanielewa. Nimekwama Malaba mara nyingi kuliko nilivyolala kwangu. Ukiwa pale huna pa kwenda, unakula chapati unangoja jina liitwe.

Ningekuja huko kwenu nikijua mambo mawili. Kwanza nitatoka kwa muda gani, mniambie dakika ishirini mnamaanisha ishirini. Pili iwe Kiswahili, sisi wa barabarani tunatoka Mombasa, Kigali, Goma, Juba, Kiswahili ndio kinatuunganisha. Sio lazima kiwe cha Unguja, hata kile cha kambini kinatosha.

Na kitu kingine, mimi nikiwa ndani ya hiyo nyumba sitaki kuvaa eafoni, macho yanatosha. Lakini nikirudi kwenye gari nina saa nyingi za usukani. Nitumie hizo voisi kwa WhatsApp nikasikilize njiani mpaka Kampala. Nitasikiliza yote, hata ya mawe.

---

dada_wa_mutoto – Jumatano, saa 2:30 usiku

Nimesoma yote na nimefurahi lakini kuna kitu kimenishtua na hakuna aliyekigusa. Umesema mna visu vya imbalu.

Mimi ni wa Mbale, Mutoto ni pua na mdomo kutoka kwetu, kila mwaka wa namba shufwa unajua mwenyewe kelele zinazokuwepo. Kisu kikiwa ukutani mchana, mtu anaangalia, sawa. Lakini mkirekodi wazee wakieleza mambo yake yote kisha mkaweka nyuma ya QR, yeyote anafungua popote, usiku kitandani, Ulaya, mtoto wa miaka sita. Kuna maneno yanasemwa kwa kijana wakati wake ukifika na kuna mengine sisi wanawake wenyewe hatuambiwi wala hatuulizi. Kumpa kila mtu cha kwake ni pamoja na kujua kipi sio chake. Kwa hiyo kabla ya kurekodi waulizeni wenye kisu, na wakisema hili lisitoke ndani ya chumba basi pale hapahitaji QR, pawe na kibao tu kinachosema muulize mzee. Mtu atakayestahili kujibiwa atajibiwa.

Historia tunayo. Makumbusho ya kwanza Kampala, pale ngome ya Lugard 1908, Waganda waliita nyumba ya mayembe, yaani zile pembe za nguvu, kwa sababu ndivyo walivyoviona vitu vilivyowekwa ndani. Mgeni mmoja anaona maonyesho, mwingine anaona nguvu zimefungiwa. Masalia ya Kibuuka, mungu wa vita wa Baganda, yalichukuliwa mpaka Cambridge yakarudi 1962, na mwaka 2024 vingine 39 vikaja kutoka huko huko, navyo ni kwa mkopo. Vitu kama hivyo ukiviandikia maelezo mamoja ya watu wote lazima utamkosea mtu.

La mwisho, hayo ya kuuliza uliza wageni na kupokea namba zao za WhatsApp. Kuna sheria ya ulinzi wa data na faragha ya 2019. Habari za mtoto huchukui bila mzazi au mlezi wake kukubali, na za mtu mzima unamwambia za nini. Mnauliza muda na umekuja na nani, hapo hakuna shida, hamhitaji jina. Dereva akitaka voisi yeye ndiye aanze kuwatumia meseji, mkimtumia mkamaliza futeni. Na ile kampuni mwulizeni hayo wanayojua kuhusu mgeni yanakaa wapi, kwenye kompyuta ya nani.

---

mtoto_wa_osukuru – wiki tatu baadaye, Jumapili, saa 10:15 jioni

Wapendwa samahani kwa kimya, network na mazishi mawili. Nawapa ripoti.

Kampuni tuliwauliza lile swali la dada wa Mutoto, data inakaa wapi. Mtu wa projekta akasema atatujibu kwa email. Tunangoja mpaka leo. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyesema tuachane nao, na paa la kibanda tumeliziba.

Tulichofanya. Mpwa wangu katengeneza kurasa. Mlangoni kuna QR moja kubwa, ukiskani inakuuliza lugha, Kiswahili, Ateso au Kiingereza, halafu nina dakika 20, nina saa nzima, nimekuja na watoto, au nataka kusikiliza muziki tu. Ukichagua dakika 20 inakupa vitu vitano na inakwambia anza na mirija ya ajon. Basi. Sauti ya Kiswahili ni ya mwalimu wetu mstaafu, alijifunzia kambini kweli, anaanza kila kitu na "sikiliza" kama anaita gwaride, wageni wanacheka lakini wanasikiliza.

Yule mama wa jiwe la kusagia tulimfuata kwake. Alikataa kwanza, anasema yeye hajasoma, ataongea nini kwenye simu. Tukambebea jiwe. Alipopiga magoti akalishika, maneno yakatoka yenyewe kwa Ateso, mkono unaenda na yeye anaongea, na ule mlio wa wimbi chini ya jiwe umeingia kwenye rekodi. Hiyo ndiyo inayofunguliwa kuliko zote, hata na watu wasiojua Ateso.

Makosa sasa. Siku ya kwanza walikuja vijana wa chuo kama kumi na tano, wote wakafungua sauti kwa spika ndani ya chumba kimoja, akogo huku, ngoma kule, mwalimu anapiga "sikiliza" kutoka kila pembe, ilikuwa kama stendi ya teksi. Sasa tumesema bila eafoni unasikiliza kibandani. Pili maandishi yalikuwa marefu, watu wakawa wanasoma simu na kukipa kitu mgongo, nikayakata mpaka mistari mitatu, mengine ni sauti. Tatu waifai ya kile kikompyuta inafanya kama fundi alivyosema, nimeandika karatasi mlangoni kwamba simu ikikwambia hakuna intaneti usiisikilize, baki.

Mzee katorchi, walimu nawapigia. Mmoja wa P.4 alishangaa akaniuliza kama kuna tatizo. Watoto wakija tunatumia simu moja tu na spika, inapiga sauti ya bibi, kisha nawauliza nani nyumbani kwao lipo jiwe kama hili. Hakuna aliyesinzia ila mmoja na huyo alikuwa na homa.

Visu vya imbalu havina QR. Wazee walikaa, wakasema kibao kiandikwe kwamba kisu ni cha nini na mwaka gani kinatoka, mengine muulize mzee. Wazungu ndio wanauliza sana hapo, na mwalimu anawajibu anachotaka kuwajibu.

Turniboy, voisi zako zipo, ukipita tuma meseji.

---

turniboy_malaba – Jumapili, saa 2:05 usiku

Niko Eldoret nateremka. Kesho kutwa nakwama kwa makusudi.

---

mjukuu_wa_bombo – Jumapili, saa 2:20 usiku

Umefanya kazi nzuri bwana. Moja tu, hizo rekodi zisiishie kwenye memori kadi moja, zile kadi zinakufa bila kuaga. Za Wachsmann tunazisikia leo kwa sababu zilitunzwa London na nakala zikarudi Makerere. Weka nakala hata sehemu mbili, na andika ni nani anaongea, siku gani, na alikubali.

---

mtoto_wa_osukuru – Jumatatu, saa 12:50 asubuhi

Nitafanya. Halafu fundi nina swali la haraka. Yule mama amekuja jana jioni, amemshikisha mwanae simu wakaskani jiwe, akajisikiliza mpaka mwisho amekunja uso. Anasema tufute, amekosea, lile jiwe dogo la mkononi lina jina lake na yeye amelitaja kwa jina la lile kubwa, watu wa kwao wakisikia watamcheka. Jumamosi tunarekodi upya. Sasa zile stika nilishachapa za plastiki na kuzilipia, itabidi nichape nyingine?

---

fundi_kikuubo – Jumatatu, saa 1:15 asubuhi

Hapana, stika hazina shida. Weka faili jipya mahali pa lile la zamani, jina liwe lile lile herufi kwa herufi. Halafu fungua kwa simu ambayo haijawahi kulisikiliza, manake yako itakuletea la zamani ilolihifadhi utadhani hujabadilisha.